Stendi ya Mzee Bwanaheri

Inspekta Mwanabibi alihesabu matundu mara ya tatu, na mara ya tatu yakatoka kumi na sita. Bolti alizozipanga juu ya gazeti zilikuwa kumi na mbili.

Alinyanyuka, akanyoosha mgongo, akaitazama sebule upya. Siku tano zilikuwa zimepita tangu Mzee Bwanaheri Kisoma akutwe humu ndani, amelaliwa na tangi lake la samaki. Jirani aliona maji yametambaa hadi nje ya mlango, akabisha, akaita, mwisho akaita watu. Tangi lilikuwa la kioo kinene, urefu futi nne, na lilipojaa lilimeza ndoo kumi na tatu. Lilikaa juu ya stendi ya mbao aliyoijenga mzee mwenyewe. Stendi imeanguka, tangi limemwangukia. Hivyo ndivyo kila mtu alivyosema. Daktari aliandika jeraha la kichwani, mazishi yakafanyika siku hiyohiyo baada ya Alasiri, na jalada likawekwa mezani likimsubiri Mwanabibi arudi kutoka mahakamani Dar es Salaam aje alifunge.

"Yule alikuwa fundi wa mitambo, si seremala," mkuu wake alimwambia asubuhi ile akimpa ufunguo wa nyumba. "Kajenga meza, meza imemshinda. Kaangalie, kisha uandike ajali."

Mwanabibi alikuja Kibiti mjini, mtaa wa nyuma ya soko, akiwa na nia ya kuandika ajali. Kilichomzuia kilikuwa ile stendi.

Hata ikiwa imelala ubavu, ilionekana ni kazi ya mtu asiyependa kubahatisha. Mbao zilikuwa za mkongo, nzito, zimepigwa randa pande zote nne. Miguu haikuning'inizwa kwa skrubu ubavuni mwa fremu kama meza za sokoni. Ilisimama wima chini ya fremu, mbao juu ya mbao, ili uzito ushuke wenyewe hadi sakafuni. Chini ya mguu mmoja palikuwa na kipande chembamba cha mbao, kimepachikwa kusawazisha sakafu iliyobonyea. Vanishi ilipakwa kila mahali, hata upande wa ukutani ambako hakuna jicho lingefika.

Nyuma ndiko zilikokuwa mbao mbili za mshazari, zikipishana kama herufi ya X. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuizuia stendi isiyumbe kushoto na kulia. Kila ncha ilikaa ndani ya mchongo wake na kufungwa kwa bolti moja. Ncha nne, bolti nne. Na nne hizo ndizo zilizokosekana.

Alichuchumaa tena, akamulika tochi ya simu kwenye moja ya matundu yale. Lilikuwa duara safi. Kama bolti ingeng'oka kwa nguvu wakati stendi inaanguka, tundu lingetanuka na mbao ingepasuka. Hapa hakuna kilichopasuka. Kuuzunguka ukingo wa tundu, vanishi ilikuwa imekatika mduara, kama ganda la yai lililogongwa kwa kijiko. Nati ilizungushwa na spana, taratibu, na mtu mwenye muda.

Aliinua kapeti. Akasogeza kabati. Akaingia chumba cha kulala, ambako hapakuwa na kitu ila kitanda cha kamba, sanduku la nguo na kisanduku cha chuma chenye vifaa vya kazi, kimefungwa kwa kufuli. Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye bahasha ya vitu vya marehemu pale kituoni, ulitolewa kiunoni mwake. Jikoni, majiko mawili ya mkaa na sufuria moja ndogo. Bolti hazikuwako popote.

Bolti huanguka. Hazitembei.

Alipiga picha matundu yote manne, akazifunga zile mbao za mshazari na kuzitia lebo ya vielelezo, akaandika saa.

*

Jirani aliitwa Bi Tatu, mjane wa makamo, na nyumba yake ilitazamana na dirisha la marehemu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado tu mnamchunguza? Mwacheni apumzike."

"Nataka kujua tu alikuwa akiishije."

"Peke yake." Bi Tatu alitupa kijiwe. "Mkewe alifariki mwaka wa tatu huu. Toka hapo alikuwa anakaa kwenye kiti pale dirishani, anaangalia njia. Akamaliza mwaka hivyo. Halafu akaletewa hilo tangi, hoteli moja ya Dar ilifungwa, rafiki yake akampa. Ndiyo ikawa pona yake. Miezi miwili anajenga. Anapima, anakata, hapendi, anaanza upya. Samaki wenyewe perege tu, kawatoa mabwawa ya kule kijijini Mkongo kwenye ndoo."

"Stendi iliwahi kuyumba?"

"Iyumbe?" Kwa mara ya kwanza mikono ya Bi Tatu ilisimama. "Kabla hajaweka tangi aliipakia magunia sita ya mchanga, akayaacha juma zima. Watoto wa mtaa wakawa wanakuja kuisukuma. Haikusogea hata unywele."

"Tangi lilianguka Jumanne. Hukusikia kishindo?"

"Mvua ile? Ilipiga bati toka Magharibi mpaka usiku mkubwa. Hata adhana ya Isha sikuisikia."

"Na alipatikana mkekani, mbele ya tangi. Si dirishani."

"Alihamia mkekani Jumapili, siku mbili kabla. Jioni nilimpelekea uji, nikamkuta amekaa chini pale na sahani yake. Nikamuuliza, vipi leo kiti umekiacha? Akaniambia, Tatu, dirishani hakuna anayepita." Bi Tatu alirudia kuchambua. "Nilimwonya. Goti lake lilikuwa bovu, akikaa chini hawezi kuinuka mpaka ashike kitu. Akasema atashika stendi, hiyo haimwangushi."

Mwanabibi aliandika, akapiga mstari chini ya neno *atashika*.

"Nani aliingia ndani siku za karibuni?"

"Wangapi wanaingia kwake? Fundi Mtoro seremala alikuja Alhamisi kabla ya msiba, mzee akiwa msikitini. Nilimwona anachungulia chungulia nyuma ya stendi, nikamkoholea, akatoka. Ijumaa akaja bintiye kutoka Maparoni, Sikudhani, mwanawe huyohuyo mmoja. Alilala siku mbili, akaondoka Jumapili asubuhi. Basi."

*

Karakana ya Fundi Mtoro ilikuwa kando ya barabara kuu, mahali malori ya kusini yanapopunguza mwendo kabla ya kwenda kwenye kivuko cha Ndundu. Mtoro mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye penseli sikioni. Aliposikia jina la marehemu aliizima mashine ya kukatia, lakini mkono wake ukabaki juu ya swichi.

"Uliingia kwa Mzee Bwanaheri lini mara ya mwisho?"

"Mimi? Zamani. Toka anunue mbao."

"Alhamisi, siku tano kabla ya kifo chake."

Fundi akatazama barabarani.

"Fundi Mtoro, stendi ile imefunguliwa bolti kwa spana. Wewe una spana. Uliingia nyumbani kwa mtu bila mwenyewe kuwapo, ukaenda nyuma ya stendi, na sasa umenidanganya. Nikusaidieje?"

"Afande, sikugusa bolti." Aliiondoa penseli sikioni, akairudisha. "Niliingia kuiba, lakini si kitu cha kushika. Njoo uone."

Alimpeleka nyuma ya karakana na kufunua turubai. Chini yake kulikuwa na stendi ya pili, haijapakwa vanishi, sawa na ile ya mzee kwa kila kipimo. Miguu chini ya fremu, mbao za mshazari nyuma.

"Alinijia mwanzo nimjengee," Mtoro alisema. "Nikamwambia meza ni meza, nitakupigia misumari. Akaniuliza, maji ndoo kumi na tatu ni kilo ngapi? Sikujua. Akaniambia basi nitajenga mwenyewe. Nikamcheka mbele za watu, afande. Mtu amekesha na injini za pantoni pale Ndundu maisha yake yote, ataniambia nini habari ya mbao? Ilipokwisha nikaenda kuangalia. Nikaona haya. Mwezi huu mwenye duka la dawa kataka stendi kama ile. Kumwomba mzee anifundishe nikashindwa. Nikangoja aende kuswali, nikapiga picha."

Alitoa simu. Picha zilikuwa tisa. Katika ya sita, iliyopigwa kwa kubinya simu kati ya stendi na ukuta, zilionekana nati zote nne za mshazari, kila moja na pete yake ya vanishi. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi.

Kwa hiyo hadi Alhamisi stendi ilikuwa nzima. Mwanabibi alimwamuru asiifute ile picha, akaandika namba ya simu yake. Alikuwa anageuka aondoke alipouliza lile swali ambalo humuuliza kila fundi.

"Na spana zako hapa, kuna mtu ameazima karibuni?"

"Watu wanaazima kila siku. Namba kumi na tatu ndiyo inayozunguka sana. Juzi mwendesha bodaboda. Kabla yake..." Alifikiri. "Jumamosi, yule Sikudhani, binti yake mzee. Alisema kitanda cha babake kinalegea, anataka kukikaza. Nikamwuliza mbona mzee ana vifaa vyake, akasema amelala, hataki kumwamsha amwombe ufunguo."

"Alirudisha?"

"Siku hiyohiyo. Na asante juu."

Mwanabibi alisimama pale kando ya barabara, lori likapita, likamtupia vumbi. Kitanda cha Mzee Bwanaheri kilikuwa cha kamba. Kitanda cha kamba hukazwa kwa kuvutwa kamba. Hakina bolti hata moja.

*

Kesho yake alfajiri alipanda gari la polisi hadi Nyamisati, na hapo akachukua boti ya faiba kwenda Maparoni, kijiji cha deltani. Nahodha alimwambia mapema: watafika maji yakiwa yanatoka, na yakishatoka boti itakaa kwenye tope hadi Alasiri. Mwanabibi akasema atangoja. Njia nzima mikoko ilisimama pande zote mbili, mizizi nje, na hawakukutana na chombo kingine. Alipitia jalada magotini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa orodha ya simu za marehemu. Kwa miezi minne Mzee Bwanaheri alikuwa amepiga namba moja tu, kila jioni, kati ya saa moja na saa mbili. Jumanne aliyofariki alipiga mara mbili. Hazikupokelewa.

Kijijini walimwonyesha njia ya mashambani. Alitembea karibu nusu saa juu ya tuta, viatu mkononi, mpunga ukiwa umeanza kuiva kulia na kushoto. Mwishoni palikuwa na dungu, kibanda juu ya miti mirefu, na juu yake mwanamke aliyejitanda khanga akigonga debe na kupiga kelele za kufukuza ndege. Kundi liliruka, likazunguka, likatua upande wa pili. Mwanamke akageuka upande wa pili, akaanza tena.

Alipomwona mgeni aliacha kugonga. Alishuka ngazi polepole.

"Sikudhani binti Bwanaheri?"

"Ndiye."

"Naitwa Inspekta Mwanabibi, natoka Kibiti. Pole na msiba."

"Nishapoa, ahsante." Alikuwa na miaka arobaini hivi, mrefu, sauti imekauka kwa kupayuka. "Nikupe nini huku? Maji yapo."

"Maji yanatosha."

Walikaa kwenye gogo chini ya dungu. Mwanabibi alikunywa, akarudisha kikombe.

"Uko na nani hapa?"

"Peke yangu. Wakati wa kuamia ndege nakaa huku miezi miwili, mpaka tuvune. Mume alikwenda kisiwani Mafia mwaka wa kwanza wa ndoa, mwaka wa pili akaleta talaka. Sikujaaliwa mtoto."

"Jumamosi uliazima spana kwa Fundi Mtoro."

Ndege walikuwa wameanza kushuka tena. Sikudhani aliwatazama lakini hakunyanyuka.

"Kabla hujanijibu," Mwanabibi alisema, "ujue una haki ya kunyamaza. Utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Unaweza kumwita ndugu au wakili awepo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Ndugu nimwite nani?"

"Kitanda ulichosema unakwenda kukikaza ni cha kamba."

Sikudhani aliivuta ncha ya khanga yake, akafungua fundo kwa meno, na kumwaga mapajani bolti nne pamoja na nati zake. Vanishi ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye pembe.

"Nilitaka kuzitupa mtoni," alisema. "Kila nikifika mtoni nashindwa."

Mwanabibi hakuzigusa. Alitoa kwanza mfuko wa vielelezo.

"Ulijuaje ni hizi za kutoa?"

"Yeye ndiye aliyenifundisha. Alinipigia kila jioni, na habari zake zote zilikuwa stendi. Leo nimekata mguu wa tatu. Leo nimepata bolti ndefu. Nilikuwa napanda huko juu ndiyo simu ishike, nakaa gizani namsikiliza. Aliniambia, mwanangu, kazi ya miguu ni kubeba, lakini za mshazari ndizo zinazoifanya isimame. Ukitoa hizi nne, kwa macho huoni kitu, inasimama vilevile. Lakini ikiguswa ubavuni, imekwisha."

"Ulitaka imwangukie?"

"La." Alilisema bila kupaza sauti. "Yeye anakaa dirishani. Toka mama afe anakaa dirishani, mbali kule. Nilisema paka atapita, au mtoto wa jirani ataisukuma, tangi litamwagika, samaki watakufa. Ataona kuwa mikono yake imezeeka. Nimemwomba mara tatu ahamie huku. Nikamwambia nitakujengea chumba. Mara ya mwisho ndiyo hiyo Ijumaa. Akaniambia, mimi nimejenga kitu kwa mikono yangu kinabeba kilo mia tatu, nihamie kwako kama mgonjwa? Nikaona, hicho kitu kikianguka, atakuja."

"Jumapili jioni alihamia mkekani. Alikaa chini, mbele ya tangi. Akiinuka alikuwa anaishika stendi."

Sikudhani alimgeukia. Kwa kitambo ilionekana kama hakusikia vizuri.

"Dirishani aliacha?"

"Aliacha ulipoondoka. Alimwambia jirani kuwa dirishani hakuna anayepita."

Mwanamke aliinama, akaziweka bolti moja moja ndani ya mfuko ulioshikwa wazi mbele yake. Ya mwisho ilimponyoka, ikaingia topeni. Aliitafuta kwa vidole hadi akaipata, akaifuta kwa khanga, akaitia.

"Jumanne alikupigia mara mbili," Mwanabibi alisema. "Hukupokea."

"Nilikuwa huko juu na simu mkononi. Ikiita naitazama. Nilijua nikisikia sauti yake nitamwambia asiiguse stendi." Alifuta pua kwa kiganja. "Nikasema nitapokea kesho, huenda kesho itakuwa imeshaanguka, atanipa habari mwenyewe. Nimpe pole. Nimwambie njoo."

"Ulimhurumia kuwa peke yake."

"Hapana, afande. Usiandike hivyo." Sikudhani aliinua kichwa. "Yeye alikuwa na jirani anampelekea uji. Alikuwa na msikiti. Alikuwa na samaki wake. Nilipokwenda Ijumaa nilimkuta anacheka, sijamwona akicheka toka mama afe. Nikakaa pale nikaona hanihitaji. Mimi ndiye niliyekuwa sina mtu."

Mwanabibi aliandika kama lilivyosemwa. Alimsomea maelezo yote toka mwanzo, na Sikudhani akasahihisha mahali pamoja tu: siku ya pili ya safari yake babake alikuwa amempikia yeye, si yeye aliyempikia babake. Kisha akatia sahihi, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeacha shule mapema.

Ilikuwa saa sita. Boti ingeelea Alasiri.

"Naweza kuendelea na ndege mpaka hapo?" Sikudhani aliuliza. "Ni mpunga wa mwaka mzima."

Inspekta alipaswa kukataa. Alitazama tuta refu alilolijia, na mto ulio mbali nyuma yake, na tope lisilopitika kila upande. Akatikisa kichwa kukubali. Sikudhani alipanda dunguni. Baada ya muda Mwanabibi akachukua debe jingine lililokuwa chini ya ngazi, akaenda kusimama upande wa pili wa shamba, akagonga kila kundi lilipohamia kwake. Saa tatu nzima hakuna mtu mwingine aliyepita.

Nahodha alipopiga honi ya boti kutoka mtoni, Sikudhani alishuka na kifurushi kidogo cha nguo. Aliulaza mkono juu ya mguu wa dungu, akautoa. Walifuatana kwenye tuta, mtuhumiwa mbele, askari nyuma.

"Kuna wa kukuamia ndege?" Mwanabibi aliuliza.

"Hakuna."

Walikuwa hawajafika nusu ya njia waliposikia mbawa. Kundi la kwanza lilipita juu ya vichwa vyao likielekea shambani, likafuatiwa na la pili, na la tatu. Sikudhani aliwasikia wakitua. Hakugeuka.